Kinu, kijaa au mashine? Kusaga unga nyumbani, kutoka Newala

 

Tangu nilipotaja kwamba huku Newala sasa tunasaga unga wetu wenyewe nyumbani, maswali hayajakatika. Mmoja anataka cha kusagia mchele wa vitumbua. Mwengine amechoshwa na dona la dukani linalonuka kabla mfuko haujafika nusu. Mwengine ana mtoto anayeanza uji na hataki unga wa lishe asiojua umechanganywa nini. Wote mnauliza neno moja: ninunue mashine gani? Nitajibu inshaallah, lakini jibu langu litapita kwenye muhogo, kwenye luku na kwenye Suratul Maun, maana ndiko lilikopita kwetu.

Unga wa huku si unga wa kwetu

Mimi mtoto wa Wete. Kwetu Pemba unga nilioujua ni wa ngano, unapimwa dukani kutoka kwenye polo, na wa mchele kidogo wa vitumbua na mikate ya kumimina. Chakula chetu ni wali. Muhogo tunaujua wa kuchemsha na wa nazi, hasa Ramadhani. Niliolewa Newala nikakuta unga ndio nyumba. Bila unga hakuna kilicholiwa, hata kama umekula ndizi na ming'oko mchana kutwa.

Kwa wasioujua mji huu, Newala iko juu kabisa kwenye ukingo wa uwanda wa Wamakonde. Ukisimama pale wanapopaita Shimo la Mungu unaliona bonde la Ruvuma limetandikwa chini yako, na ng'ambo ni Msumbiji. Masasi iko chini, magharibi, katikati ya majabali makubwa, na ndiko tunakoshuka kwa manunuzi mazito kwa sababu barabara za Tunduru, Nachingwea, Lindi na Newala zinakutana kule. Ardhi ya juu ni ya mchanga. Inapenda korosho, muhogo, mtama, choroko, mbaazi, karanga na njugu mawe. Mahindi yapo, lakini muhogo ndio mlinzi wa nyumba.

Jambo moja la kulishika mapema ni maji. Mvua ikinyesha juu ya uwanda inazama, haikai. Mjerumani mmoja, Karl Weule, alifika Masasi na Newala mwaka 1906 kuandika maisha ya watu, akashangaa kuona watu wamejenga juu pasipo maji huku wanawake wakishuka mteremko na mitungi. Aliambiwa walipanda huko kuwakimbia wavamizi. Vita vilipita, watu wakabaki, na maji mpaka leo yanapandishwa kwa pampu kutoka mabondeni. Siku pampu inapolala, ndoo ya maji ina bei yake. Nitarudi kwenye maji nikifika kwenye muhogo.

Mikono ya Bibi Fatma

Mama mkwe wangu ametwanga tangu hajaota meno ya pili. Sasa viganja vyake havifungi vizuri asubuhi, mpaka avitie kwenye maji ya moto. Mashineni mtaa wa pili ni mwendo, na debe la mahindi si mzigo wa mtu wa umri wake, kwa hiyo kazi ilikuwa ikimwangukia mtoto wa kike wa shemeji yangu, akitoka skuli. Foleni ikiwa ndefu au umeme ukikatika, mtoto anarudi Maghrib imeshaingia. Hilo ndilo lililonisukuma. Sikutafuta mashine ya pambo la jikoni.

Palikuwa na maneno. Jamaa mmoja alisema wanawake wa siku hizi wanataka kila kitu kibonyezwe, na kwamba kutwanga ndio adabu ya mke. Mimi nikamkumbuka Bibi Fatma, radhi za Allah ziwe juu yake. Hadithi hii iko kwa Bukhari na Muslim, na wengi tulifundishwa chuoni. Alikuwa akisaga kwa kijaa, yale mawe mawili ya duara, mpaka mikono ikamuuma. Akasikia baba yake, Mtume sallallahu alayhi wasallam, ameletewa mateka, akaenda kuomba mtu wa kumsaidia. Hakumkuta, akamwachia maneno Bibi Aisha. Usiku Mtume akaenda nyumbani kwao, wameshalala, akakaa nao, akawafundisha jambo lililo bora kwao kuliko mtumishi: Subhanallah mara 33, Alhamdulillah mara 33 na Allahu Akbar mara 34 wanapokwenda kulala.

Tunaisimulia sana hadithi hii kuwafundisha wanawake subira, na ni haki. Lakini someni tena. Hakuna mahali Bibi Fatma analaumiwa kwa kusema mikono inauma. Hakuambiwa anadeka. Baba yake aliyabeba maneno yake mpaka akatoka usiku kumfuata. Basi na sisi tusiwalaumu mama zetu wakisema viganja vimechoka. Tasbihi tunaileta kila usiku, alhamdulillah, na mashine tunanunua. Moja haimfukuzi mwenzake.

Aina za mashine, na kila moja kazi yake

Makosa mengi ya manunuzi yanatokana na kuanza na mashine. Anza na chakula. Andika unasaga nini, kiasi gani kwa mwezi, na kikavu au kibichi. Ukishajua, orodha inajipunguza yenyewe.

*Blenda yenye kikombe cha kusagia vikavu.* Inatosha kwa bizari, pilipili manga, iliki, na mchele wa vitumbua wa siku moja. Ni ya vikombe, si ya vibaba. Iendeshe kwa dakika isiyozidi moja, ipumzike. Ukiisikia inanuka waya, umeshaichosha.

*Kisagio cha bakuli la chuma chenye kifuniko cha kufunga.* Hivi vinaletwa kutoka China, vinauzwa Darajani na Kariakoo, vina visu vinavyozunguka kwa kasi kubwa mno. Vinafanya unga laini sana wa kilo moja mbili kwa mkupuo: mchele, dengu za bajia, mtama wa uji, unga wa lishe wa mtoto. Kwa nyumba nyingi za Unguja na Pemba, zinazokula wali na kutaka unga kidogo kidogo, mimi naona hiki kinatosha. Ila kina joto. Unga ukitoka umoto, utandaze upoe kabla ya kuufunika, la sivyo utapata unyevu na kuvunda.

*Mashine ya mkono.* Ile ya chuma cha kuyeyusha, unaifunga ukingoni mwa meza na kuzungusha mpini. Haitaki umeme na haina cha kuungua. Inasaga mtama na mahindi kwa uchenga, kahawa, na karanga za kuungia mboga inazifanya vizuri mno. Kwa unga wa ugali lazima upitishe mara mbili, na kilo moja inakuchukua karibu nusu saa ya mkono. Kwa mwenye viganja kama vya mama mkwe hiyo si nafuu, ni kinu kilichovaa nguo nyengine. Lakini kwa kijana wa kiume asiye na kazi jioni, ni mazoezi mazuri.

*Mashine ya mawe ya nyumbani.* Hii ni kijaa cha umeme, mawe mawili ndani ya sanduku la mbao au plastiki. Wenye jamaa Ulaya au Maskati huletewa. Unga wake mzuri na haupati joto sana. Bei yake ni ya juu, jiwe likiharibika huku hupati jengine, na haitaki nafaka yenye unyevu wala vipande vikubwa. Makopa ya muhogo haiyawezi mpaka uyavunje kwanza.

*Mashine ndogo ya nyundo.* Hii ni mdogo wake ile ya mtaani. Ndani kuna vyuma vinavyozunguka na kuipiga nafaka mpaka iwe ndogo kiasi cha kupita kwenye chekeche. Ulaini wa unga unaamuliwa na matundu ya chekeche: ya milimita moja au pungufu kwa unga wa kula, ya milimita mbili tatu kwa chakula cha kuku. Haichagui: mahindi, mtama, makopa yaliyokatwa vipande, hata maganda ya kulishia mifugo. Ya nyumbani huwa na mota ya kilowati 1.5 mpaka 3.

Sisi tulichukua hii ya mwisho, ya kilowati 2.2, kwa sababu tatu. Ya kwanza ni makopa, ambayo mashine nyengine zote zinayakataa. Ya pili ni wingi, maana nyumba yetu ina watu tisa na wageni wa kila wiki. Ya tatu ni vipuri. Tulishuka Masasi tukauliza kwanza, si bei ya mashine, bali bei ya nyundo, beringi, mkanda na chekeche, na nani anazifunga. Duka lililokuwa na mashine inayong'aa halikuwa na chekeche ya akiba. Lililokuwa na mashine yenye rangi mbaya lilikuwa na kila kitu, na fundi wake amekaa mlangoni. Tukanunua kwa fundi. Mashine isiyo na fundi karibu ni kabati.

Nashauri pia, kabla ya kununua, fikeni ofisi ya SIDO ya mkoani kwenu. Shirika hili la viwanda vidogo lipo tangu 1973, na watu wake wanazijua mashine za nafaka. Kuuliza hakuna malipo. Na nunueni kwa msimu wenu wa pesa. Huku ni malipo ya korosho baada ya minada, mwisho wa mwaka. Sisi tulinunua hapo, kabla kifuku hakijaanza na pesa haijatawanyika kwenye sherehe.

Mashine haina macho

Ukipeleka mahindi yenye ukungu, itakusagia ukungu. Na ukishasaga huuoni tena. Sumu kuvu haiondoki kwa kusaga wala kwa kupika. Mwaka 2016 watu walikufa katika mikoa ya Dodoma na Manyara kwa mahindi ya namna hiyo. Kwa hiyo kazi ya ungo haikufa kwa kuja mashine. Peta, chambua, toa punje zilizobadilika rangi, zilizosinyaa na zilizotobolewa. Hizo usiwape kuku wala usimpe jirani.

Nafaka lazima iwe kavu. Kuna njia rahisi ya kujua. Chukua chupa kavu, tia konzi ya nafaka na kijiko cha chumvi kavu kabisa, funga, tikisa, iache dakika kumi na tano. Chumvi ikinata kwenye chupa, nafaka bado ina maji, irudishe juani. Chumvi ikishuka yote chini, saga.

Na msitake weupe sana. Anasimulia Bukhari kwamba Sahl bin Saad aliulizwa kama zama za Mtume walikuwa na machekeche. Akajibu hapana, walikuwa wakisaga shayiri na kupuliza makapi, kinachobaki ndicho wanachokanda. Unga wetu wa dona una kila kitu cha punje, pamoja na mafuta ya kiini chake, na ndiyo sababu unawahi kuchacha. Faida ya mashine ya nyumbani ni hiyo hasa: unasaga wa wiki moja mbili tu, unakula ukiwa mpya.

Mashine ikiwa mpya, kilo mbili za mwanzo ni za kuisafisha, usile. Zina vumbi la chuma na mafuta ya kiwandani. Baadaye pitisha sumaku kwenye unga mara moja moja. Ukikuta chembe nyingi, vyuma vinalika, mwite fundi.

Muhogo: hapa msome polepole

Wakulima wa huku wanapanda muhogo mtamu na mchungu. Mchungu wanaupenda kwa sababu nguruwe na nyani hawauchokozi kama mtamu. Lakini una sumu ya jamii ya sayanidi. Ndani ya mzizi sumu hiyo imefungwa, na kile cha kuifungua kimekaa mbali nayo. Mzizi ukipondwa na kupata maji, viwili hivyo vinakutana, sumu inafunguka na kupaa hewani. Kwa hiyo kinachousafisha muhogo ni kupondwa, maji na muda. Penye maji mengi watu wanauloweka siku tatu nne. Juu ya uwanda huu wa ndoo zenye bei, watu wanamenya, wanakata na kuanika tu. Hayo ndiyo makopa. Jua peke yake linakausha, lakini halitoi sumu kama maji yanavyotoa.

Mwishoni mwa miaka ya 1980, chakula kilipokuwa haba, watu wa Wilaya ya Masasi walidhurika kwa unga wa muhogo uliotengenezwa kwa haraka. Wataalamu waliochunguza waliandika namna ulivyotengenezwa, inayoitwa chinyanya: mzizi mbichi unapondwa, unaanikwa, unapondwa tena, unaanikwa tena, na siku hiyo hiyo unakuwa ugali. Miaka ya mwanzo ya 2000 mkoa huu wa Mtwara ulipata pia wagonjwa wa konzo. Huo ni ugonjwa wa kukakamaa miguu ghafla kwa mtu aliyekula muhogo mchungu kwa muda mrefu bila chakula cha kujenga mwili. Haurudi nyuma. Jina limetoka Kongo, na maana yake ni miguu iliyofungwa. Ng'ambo ya Ruvuma, huko Nampula, mwaka 1981 uliwapata zaidi ya watu elfu moja, wengi wao watoto na wanawake.

Kwa nini nayasema haya kwenye habari ya mashine? Kwa sababu mashine inafupisha muda, na muda ndio dawa ya muhogo. Zamani mizizi ilikaa juani siku nyingi kusubiri mikono ya kutwanga. Ukiwa na mashine uani, unaweza kukata asubuhi vipande vyembamba, jua kali la saa chache, jioni ukasaga. Unga mweupe, laini, wa kupendeza, na sumu yake yote ndani.

Hili lilitufika. Ilikuwa kifuku, ghala limepungua, mawingu hayaachii makopa kukauka. Mama mkwe akasema tukate muhogo mwembamba, tuukamatie jua la mchana, tusage usiku. "Ndiyo faida ya kununua mashine," akaniambia. Nyote mnajua uzito wa mkwe kumwambia mama mkwe kwamba muhogo wake wa miaka sitini una kasoro. Sikusema hivyo. Nilimwambia mume wangu, naye akamwita muuguzi wa zahanati ambaye ni mtoto wa ndugu yao, akaja kama mgeni wa chai, akaeleza njia ya kulowesha unga.

Njia hii ilitengenezwa na mtaalamu Howard Bradbury wa Chuo Kikuu cha Taifa cha Australia, na imetumika Msumbiji, Kongo na hapa kwetu Tanzania. Haihitaji kifaa chochote. Tia unga mkavu wa muhogo kwenye beseni, weka alama pale unga unapofikia. Mimina maji kidogo kidogo huku ukichanganya. Unga utashuka kwanza, kisha utapanda tena. Ukirudi kwenye alama, acha maji. Utandaze kwenye jamvi safi, unene usiozidi sentimita moja, juani saa mbili au kivulini saa tano. Sumu inapaa. Pika ugali siku hiyo hiyo, usiuweke ukalala. Maji yanayotumika ni kidogo sana kuliko ya kuloweka mizizi, na ndiyo maana inafaa kwa sehemu kama Newala.

Mama mkwe alisikiliza mpaka mwisho, akauliza swali moja tu, kama mvua ikinyesha tunatandaza ndani. Muuguzi akamwambia ndiyo, saa tano. Akasema, "Basi hiyo ni kazi ya jamvi, na jamvi ninalo." Tangu siku hiyo ndiye anayewasimamia watoto. Na choroko, mbaazi au dagaa havikosekani pembeni ya ugali ule, kwa sababu mwili unahitaji chakula cha namna hiyo ili kuitoa sumu iliyobaki.

Umeme, luku na ushungi

Mota ya kilowati 2.2 ikifanya kazi saa nzima inakula yuniti 2.2. Debe moja kwetu linachukua kama dakika ishirini, yaani chini ya yuniti moja. Kwa nyumba yenyewe gharama si ya kuogopa. Walio kwenye daraja la TANESCO la matumizi madogo, lisilozidi yuniti 75 kwa mwezi, wachunge tu wasilivuke, kwa sababu wakihamishwa kwenye daraja la juu bei ya kila yuniti inapanda karibu mara tatu, na si ya mashine tu, ni ya taa na friji pia.

Mwite fundi umeme avute waya wake peke yake kutoka kwenye meinswichi, na swichi yake ya kujikata. Msiiwashe kwenye ekstensheni ya televisheni. Mota ikianza inavuta umeme mwingi kwa ghafla, na waya mwembamba unayeyuka ukutani bila ya kuonekana.

Na sasa nasema na sisi tunaojistiri. Ushungi, mtandio, ncha ya kanga, mikono mipana ya baibui, vyote hivi vinapenda kushikwa na mkanda wa mashine. Hakikisheni mkanda una kifuniko cha bati, na msikubali kuuziwa mashine isiyo nacho kwa kupunguziwa bei. Ukisaga, chomeka ushungi ndani ya nguo, kunja mikono, funga kitambaa puani kwa vumbi. Usisukume nafaka kwa mkono, tumia kijiti cha mbao kifupi kisichofika ndani. Watoto wakae mbali. Zima na uchomoe kabla ya kufungua chekeche.

Jirani, kimea na Suratul Maun

Mashine ilipoanza kulia uani, mtaa wote ulisikia. Wiki ya kwanza tukapata wageni kumi na moja, kila mmoja na kikapu. Mume wangu akataka tuweke sheria: mashine ya nyumbani ni ya nyumbani. Hoja yake ilikuwa nzuri, luku na mota. Lakini mimi nikashindwa kulala. Suratul Maun tunaisoma wote, ni fupi, na mwisho wake inawataja wanaozuia maun. Wafasiri wengi wameeleza kwamba maun ni vyombo vya nyumbani ambavyo watu huazimana: chungu, shoka, ndoo. Vipi kuhusu kisagio?

Halafu likaja zito zaidi. Jirani mmoja, mjane, mtu mwema aliyetuuguzia mtoto, alileta kimea cha mtama. Anapika pombe kwa ajili ya ada za skuli, kila mtu anajua. Lakini kimea hicho hicho ndicho cha togwa, na togwa ni halali. Nimuulize? Nikimuuliza namdhalilisha. Nisipomuuliza nasaidia nini?

Tulikwenda kwa sheikh wetu. Akatutenganishia mambo mawili. Kimea chenyewe ni nafaka iliyooteshwa, si najisi, na mashine ya mtaani iliyosaga kimea haiharibu unga wako. Wengi mmeniuliza hilo, jibu ni hilo. Lakini kusaga kwa hiari yako kitu unachojua kwamba kinakwenda kuwa pombe ni kusaidiana katika dhambi, na hilo tumekatazwa. Usichunguze vibuyu vya watu, akasema, ila usijifanye hujui unachokijua.

Tukapanga hivi. Mwenye mtoto mchanga, mgonjwa, au mzee asiyeweza kwenda mashineni, tunamsagia kibaba kimoja mpaka viwili bila ya malipo. Mizigo ya madebe inakwenda mashineni, maana mwenye mashine ile naye ana watoto. Na kimea hatusagi, cha mtu yeyote, cha togwa wala cha pombe, ili asiwepo wa kuulizwa. Mama mkwe mwenyewe ndiye aliyemfuata yule mjane, kwa lugha yao, jioni, na unga wa muhogo uliokwishaloweshwa mkononi. Sijui walisemezana nini. Kimea hakijaletwa tena, na salamu hazijakatika. Mtoto wa yule mama tumemwandikia jina kwenye zaka ya korosho mwaka huu, inshaallah, na ningependa sana siku moja aache biashara ile kwa sababu amepata nyengine, si kwa sababu tumemkunjia uso.

Kwa ufupi, kabla hujatoa pesa

Jua unasaga nini na kiasi gani kwa mwezi. Kama ni mchele, dengu na viungo, kisagio cha bakuli kinatosha, usijibebeshe mota. Kama ni mahindi, mtama na makopa kwa nyumba kubwa, tafuta ya nyundo yenye machekeche mawili. Uliza vipuri kabla ya bei. Nenda na nafaka yako mwenyewe isagwe mbele yako, ushike unga kwa vidole. Angalia kifuniko cha mkanda. Weka waya wake. Na kinu usikiuze. Umeme ukikatika siku mbili, kinu ndicho kitakachowapa watoto uji.

Kama nyumba yenu inakula muhogo wa kuanika, iwe Newala, Masasi, Pemba au popote, iandikeni njia ya kulowesha unga kwenye ukuta wa jiko, na mfundisheni kila mtoto anayeishika mashine. Hiyo ni sadaka itakayotembea hata nyinyi mmeshalala.

Allah abariki riziki zetu, aipe nguvu mikono ya mama zetu, na atujaalie kula cha halali kilicho safi. Amin. Wabillahi tawfiq.